Sakafu ya tela: mbao za leo si zile za wazee wetu

Kila mavuno yanapokaribia nakutana na swali lile lile, kwa mkulima mwenye trekta na kwa mfanyabiashara wa mazao mwenye pawatila: "Afisa, sakafu ya tela imeoza, ninunue mbao gani itakayodumu?" Wengi wanasubiri nitaje jina la mti mmoja tumalize mazungumzo. Ningeweza kusema mninga, na nisingekuwa nimekudanganya. Tatizo ni kwamba utakwenda dukani na jina hilo, utalipa bei ya mninga, na baada ya masika mawili unaweza kukuta ubao umekuwa unga huku gunia la mahindi limezama mguu mmoja ndani ya sakafu. Muuzaji pengine hakukuibia. Amekuuzia mninga kweli, ila si mninga ule aliokuwa nao babu yako.

Ndiyo maana leo naomba uvumilivu wako, ndugu msomaji, tuzungumze historia kwanza. Ukijua mbao zimetoka wapi na zimepungua vipi, utachagua vizuri kuliko kukariri majina.

Kwanza kabisa, tela lenyewe ni kitu kigeni kwetu. Kwa karne nyingi mizigo ya bara ilibebwa vichwani na mabegani. Sababu kubwa ilikuwa mbung'o: ng'ombe, punda au farasi wa kuvuta gari hakuweza kupita mapori yale akabaki hai. Kwa hiyo watu wetu wa kwanza kuumiza kichwa juu ya mbao ya kubebea mzigo kwenye maji na jua hawakuwa wakulima, walikuwa mafundi wa majahazi wa pwani. Jahazi ni tela linaloelea. Linalowa, linakauka, linapigwa jua, linapakiwa mzigo mzito na kuburutwa mchangani. Mateso yake yanafanana sana na ya tela lako.

Mafundi wale walitumia msaji ulioletwa na biashara ya Bahari ya Hindi kutoka pwani ya Malabar, India. Huu ndio mti tunaouita pia mtiki. Walitumia na miti ya kwetu kama mvule na mbambakofi, ambao huku bara tunauita mkongo. Lakini hawakuiamini mbao peke yake, na hapo ndipo penye somo. Mbao za juu zilipakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa, tena na tena. Sehemu ya chini ilipakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Nafasi kati ya mbao zilizibwa kwa kalfati ya pamba. Chombo kilipandishwa pwani kila baada ya muda, kikasuguliwa na kupakwa upya. Msaji ni miongoni mwa mbao zinazodumu kuliko zote duniani, na bado wenyewe hawakuuacha bila matunzo. Sisi tunapigilia mbao za tela mwezi wa tano, tunaanza kuzifikiria tena siku zinapovunjika.

Wakati huo huo boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji zilipelekwa Oman na Ghuba kuezekea nyumba. Boriti hizo zilikaa miaka mingi sana kwenye dari za kule, na mkono mmoja wa siri ni ukavu wa nchi zile. Kuvu wanaoozesha mbao hawawezi kufanya kazi kama maji yaliyomo kwenye mbao hayafiki kiasi cha asilimia 20 ya uzito wake mkavu. Mbao ikibaki kavu haiozi, hata ikiwa ya mti dhaifu. Sentensi hiyo ibebe kichwani mpaka tufike kwenye ununuzi.

Wajerumani walipokuja na reli walikuta tatizo jingine, mchwa. Taruma la mbao linalolala ardhini ni karamu kwao. Ukitembea kando ya Reli ya Kati, iliyojengwa kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kati ya 1905 na 1914, utaona mataruma ya chuma kwa kilomita nyingi. TAZARA, iliyojengwa katika miaka ya 1970, ilipewa mataruma ya zege. Hao ni wahandisi wenye fedha za serikali, na bado waliona ni afadhali wakwepe mbao pale inapogusa udongo.

Misitu yenyewe hawakuiacha. Huko Usambara walijenga njia ya kamba ya chuma iliyoteremsha magogo kutoka Shume, juu milimani, hadi Mkumbara kwenye reli. Mti mmoja waliouwinda ni mwangati, ambao una harufu nzuri, ni mwepesi kupasua na hauliwi ovyo na wadudu. Wakati huo huo walianza kujaribu miti ya kigeni. Kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa mwaka 1902, na misaji ya kwanza ya kupandwa nchini ni ya enzi hizo hizo za Wajerumani. Mashamba ya misaji ya Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro yalikuja baadaye, chini ya serikali. Bonde la Kilombero likafuata miaka ya 1990 kwa kampuni binafsi.

Trekta nazo zilikuja kwa kishindo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947 na kuenea Urambo na Nachingwea, ulishindwa vibaya na kufungwa mwaka 1951. Hata hivyo ulionyesha nchi nzima mashine za kulimia na za kuvuta mizigo. Kuanzia hapo tela likawa sehemu ya kilimo, kwenye mashamba ya mkonge, kwenye vyama vya ushirika, na baadaye kwenye vijiji. Kilimo Kwanza cha 2009 kikaleta pawatila nyingi na vitela vyake vidogo.

Tela la miaka ya 1960 lilipohitaji sakafu, fundi alikwenda kwa mpasuaji, na mpasuaji alikwenda porini karibu. Mninga uliosimama pale ulikuwa mti wa miaka mingi, mnene, wenye moyo mkubwa wa rangi ya kahawia na ngozi nyembamba tu nyeupe nje. Hakuna aliyehitaji kuuliza kipande gani cha mti anauziwa, maana karibu chote kilikuwa moyo.

Hapa ndipo mambo yamebadilika, na hapa naomba usome polepole.

Mti una sehemu mbili. Ile ya nje, nyeupe au njano, chini ya gome, ndiyo inayopitisha maji mti ukiwa hai. Imejaa sukari na wanga, na wadudu wanaipenda. Ile ya ndani, yenye rangi iliyokolea, ndiyo moyo. Mti umeiacha ikafa na kuijaza kemikali zake zinazofukuza kuvu na mchwa. Sifa zote unazosikia za mninga, mvule, mkongo na mtiki ni sifa za moyo. Ile sehemu nyeupe ya mninga haina tofauti kubwa na mbao yoyote duni. Vijidudu vinaitoboa vikaacha unga mweupe ndani ya miezi michache. Wataalamu wa Ulaya hupanga mbao kwa madaraja matano ya kudumu, la 1 likiwa bora na la 5 likiwa duni kabisa. Moyo wa mninga, wa mkongo na wa mtiki wa porini wameuweka daraja la 1, na mvule upo hapo hapo karibu. Mtiki wa kupandwa wameupa kati ya 1 na 3. Ngozi nyeupe ya mti wowote ule wameihesabu daraja la 5.

Sasa miti mikubwa yenye moyo mnene imekwenda wapi? Watafiti waliopima misitu kuzunguka Dar es Salaam walikuta kwamba kati ya 1991 na 2005 uharibifu ulikuwa ukisogea mbali na jiji kama wimbi. Ilikuwa wastani wa kilomita 9 kwa mwaka, jumla kilomita 120 hivi kwa miaka 14. Mbao za thamani zilikwisha kwanza, kisha zikafuata za bei ya chini, mwisho mkaa. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mto Rufiji mwaka 2003, malori yakapata njia ya moja kwa moja kwenda misitu ya Rufiji, Kilwa na Lindi, na uvunaji ukafurika. Ripoti iliyotoka mwaka 2007 kuhusu biashara hiyo ilieleza wazi jinsi sehemu kubwa ya magogo ilivyovunwa kinyume cha sheria na jinsi vijiji vilivyoambulia kidogo mno kwa kila mti. Mimi silaumu daraja. Daraja limeokoa wajawazito na limepeleka ufuta sokoni. Lakini mninga wa duka la mbao la leo unatoka mbali zaidi na mara nyingi ni mti mdogo zaidi. Mti mdogo una ngozi nyingi na moyo kidogo. Bei imepanda na ubora umeshuka, vyote viwili kwa wakati mmoja, chini ya jina lile lile.

Pengo hilo limejazwa na paini. Majaribio ya Sao Hill, Mufindi, yalianza mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukaja baada ya uhuru. Leo Iringa na Njombe wakulima wadogo nao wana mashamba yao ya misindano na milingoti. Mbao nyingi utakazoziona katika mji wowote wa wilaya zinatoka huko. Kwa kenchi la nyumba, chini ya bati, paini inafaa. Ukiiweka kwenye sakafu ya tela ikiwa haina dawa, ikalowa na kukaa na tope, usitegemee hata miaka mitano.

Dawa nayo ina historia yake, na si ya Ulaya peke yake. Mwaka 1838 Mwingereza John Bethell alipata hataza ya kuingiza mafuta ya kreosoti ndani ya mbao kwa mgandamizo, na reli za dunia zikanufaika. Lakini dawa inayozipa nguzo nyingi za umeme ile rangi ya kijani ilibuniwa na mtaalamu wa India, Sonti Kamesam, mwaka 1933. Ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Shaba inazuia kuvu, aseniki inazuia wadudu, kromiamu inazishika zote mbili zisichuruzike na mvua.

Sasa angalia jambo ambalo mafundi wengi hawalijui. Kwenye mninga unatafuta moyo, kwenye paini ya dawa unatafuta kinyume chake. Sehemu nyeupe ya paini inakunywa dawa vizuri mpaka ndani, moyo wake unaikataa. Mbao ya paini iliyotibiwa vizuri kwa mgandamizo inaweza kukaa kuliko mninga mchanga wenye ngozi nusu nzima. Huo ni msimamo wangu, na najua wazee kadhaa hawataupenda.

Shida ni kwamba kuna mbao za kijani na kuna mbao zilizopakwa kijani. Omba muuzaji akate kipande cha inchi chache mwishoni mwa ubao mmoja, utazame uso uliokatwa. Kama kijani kimeingia ndani, ni dawa. Kama ni mstari mwembamba pembeni kama ganda la yai, mbao imechovywa au imepigwa brashi tu, na utalipia rangi. Ukikubali kununua, pima fremu yako vizuri ili mbao zikatwe na kutobolewa matundu kabla ya kuwekewa dawa inapowezekana. Kila unapokata baadaye unafungua mlango, kwa hiyo paka dawa ya brashi kwenye kila ncha na kila tundu.

Mtiki wa kupandwa nao uutazame hivyo hivyo kwa macho makavu. Mashamba hupunguza miti michanga ili mingine inenepe, na hiyo iliyopunguzwa inapasuliwa na kuuzwa. Jina ni mtiki, lakini ubao una michirizi mipana ya njano pembeni. Nunua ule wenye kahawia upande hadi upande, au jadili bei ukijua kwamba ile njano itaoza kwanza. Mlingoti ni mgumu na una nguvu, ila unapinda na kupasuka ukikauka, na mchwa hawauogopi. Kama ndio ulio nao, uache ukauke umepangwa kivulini kwa vijiti kati ya mbao miezi kadhaa kabla ya kuufunga. Mgrevilea niachie wa samani.

Wafanyabiashara wa mjini wananiuliza kuhusu sakafu za makontena ya zamani. Hizo ni plaiwudi nene, kwa kawaida milimita 28, na kwa miaka mingi zilitengenezwa kwa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki iitwayo keruing au apitong, ambayo Wamarekani pia wanaipenda kwa sakafu za matrela makubwa. Ni imara kweli. Lakini zimewekewa dawa ya wadudu, na kibati cha taarifa kilichopigiliwa kwenye mlango wa kontena hutaja dawa hiyo. Kwa kubeba matofali, mbolea na magogo, sawa. Kwa mahindi yaliyomwagwa bila gunia, hapana. Kata hiyo hiyo iwahusu wenye mbao za kijani: tandika turubai kabla ya kumwaga nafaka.

Unene ndio mahali pa pili pa kupoteza pesa. Watu wanabana kwa kununua inchi 1 ya mninga badala ya inchi 2 ya mbao ya kawaida. Ubao wa inchi 2 una nguvu mara 4 ya ule wa inchi 1 wa mti huo huo, na ni mgumu kupinda mara 8. Kwa tela la trekta nisingeshuka chini ya inchi 2, na vyuma vya kuvuka chini ya sakafu visiachane zaidi ya sentimita 50. Kwa pawatila inchi 1 na nusu inatosha, na huko uzito unaanza kuwa hoja. Chukua sakafu ya tela la trekta ya mita 4 kwa 2, unene sentimita 5. Ikiwa ya mkongo itakuwa na kilo 320 hivi, mninga kama 255, paini kavu kama 180. Tofauti ya mkongo na paini ni zaidi ya gunia moja la mahindi unalolibeba bure kila safari, mafuta juu yako.

Na tusisahau kwamba tela linabeba watu, hata kama sheria haitaki. Mama aliyekaa juu ya magunia akirudi na mtoto kutoka mnadani hajui kama ubao chini yake una moyo au ngozi. Mwenye tela ndiye anayepaswa kujua.

Kufunga: safisha fremu kutu yote na ipake rangi kabla ya kuweka mbao, maana maji hukaa hapo kati ya chuma na ubao na kuoza huanzia chini, usikoona. Tumia bolti, si misumari. Mbao zikiwa kavu acha nafasi ya upana wa penseli kati ya ubao na ubao maji yapite. Zikiwa mbichi zibane, zenyewe zitasinyaa na kuacha nafasi. Ncha zote zipakwe rangi nzito au lami, kwa sababu ubao hunywa maji kwa ncha kuliko kwa tumbo. Tela lisipotumika, liinue kidogo upande wa mbele ili maji yateremke, fagia samadi na udongo, na kama una banda liingize.

Oili chafu ya injini, ambayo karibu kila fundi ataishauri, haiingii ndani ya mbao vya kutosha. Inateleza, inashika moto, na inachafua chakula. Ukiona lazima uitumie, iishie upande wa chini wa mbao. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa ni ghali zaidi lakini ni ndugu wa karibu wa sifa ya wanamaji, na yanahitaji kurudiwa kila mwaka kama wao walivyofanya.

Kuhusu mahali pa kununua, mbao za miti ya asili zina karatasi zake chini ya Sheria ya Misitu ya 2002: leseni ya uvunaji, alama ya nyundo kwenye zao, na hati ya kusafirishia. Dai risiti na uangalie hati. Ukikamatwa barabarani na mbao 20 za mninga zisizo na karatasi, kisingizio cha tela hakitakusaidia. Kama uko mikoa ya kusini, uliza vijiji vyenye misitu ya hifadhi ya vijiji. Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu mwaka 2009, na utaratibu huo umeenea kwa vijiji vingine. Mti wa kuvunwa hupimwa unene kwanza, na mdogo unaachwa usimame. Kwa hiyo ubao wa huko una nafasi kubwa zaidi ya kuwa na moyo, na fedha inabaki kwa wenye msitu.

Vipande vinavyobaki vya mbao ya kijani visiingie jikoni wala kwenye tanuru la kuchomea samaki, kwa sababu moshi na majivu yake yana aseniki. Fundi naye afagie vumbi lake lisibaki mahali kuku wanapodonoa, na akipasua mvule afunge kitambaa puani, maana vumbi la mti huo linawasha kifua. Humo ndani ya mvule huwa kuna vijiwe vigumu vinavyovunja meno ya msumeno, basi mwambie mapema ni mvule, asije akakudai msumeno mpya.